Chakula kwenye treni ya Kigoma na Mwanza: tupike ndani, tupakie njiani, au vyote viwili?

Sahani_Moto (mwanzisha uzi)

Wakuu, nyuzi za treni humu huishia kwenye lawama zilezile: wali umekauka, kuku ameisha, chai imepoa. Uzi huu uwe wa hesabu. Nazungumzia treni ya reli ya kati, ile ya geji ya mita. SGR tuiache pembeni, Dar hadi Dodoma ni saa tatu na nusu hadi nne, mtu anafika kwa maji na sambusa. Itakapofika Mwanza, kilomita 1,219, tutarudi kuijadili.

Hoja yangu ni hii: mpishi anaonewa. Behewa moja limebebeshwa kazi ya hoteli. Chukua behewa la chakula lenye viti 40. Mtu akae, aagize, ale, alipe, anyanyuke: dakika 35 hadi 40. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku unapata mizunguko minne, mitano ukibana sana. Hao ni watu 160 hadi 200. Sasa treni ina abiria 600, na tuseme asilimia 40 tu ndio wanataka chakula cha usiku cha jikoni. Hizo ni sahani 240. Watu 40 hadi 80 wameshakosa nafasi hata kabla mwiko haujaingia sufuriani.

Ninachopendekeza, kwa ratiba ya kuondoka Dar alasiri na kufika Dodoma asubuhi: chakula cha usiku kipikwe jiko la Dar na kipakiwe kikiwa cha moto. Asubuhi jiko la behewa lipike chai, uji, mayai na chapati za kupasha tu. Mchana upakiwe Dodoma, usiku wa pili upakiwe Tabora. Jiko la ndani libaki kwa vitu vya haraka na dharura.

Kwa usiku wa kwanza: wali sahani 150, makande 60, chipsi na mayai 30 za kupika ndani. Wali wa gramu 350 kwa sahani ni kilo 52 na nusu uliopikwa, yaani mchele kilo 20, maana kilo moja ya mchele hutoa kilo 2.5 hadi 3. Mchuzi mililita 180 kwa sahani ni lita 27. Makande gramu 450 ni kilo 27: mahindi yaliyokobolewa kilo 7 na maharage kilo 3 na nusu. Trei za chuma za kipimo cha hoteli, milimita 530 kwa 325, kina milimita 100, hubeba kilo 7 za wali bila kushindilia. Jumla trei 14: wali nane, mchuzi tatu, makande tatu. Kontena moja la kutunza joto hula trei tatu, kwa hiyo makontena matano. Likijaa ni kama kilo 40, watu wawili wanalibeba.

Karibuni mnikosoe.

Fundi_Mabehewa

Mkuu, hesabu ya viti nimeikubali. Niongezee upande wa moto na umeme, maana ndiko jiko la treni linakofia.

Gesi kwanza. Plate moja ya jiko la kazi, kilowati 5, inakula karibu gramu 400 kwa saa. Mtungi wa kilo 15 ni saa 38 za plate moja, lakini ukiwasha nne kwa pamoja ni saa tisa na nusu tu. Watu wanapakia mitungi miwili, wanapika mchana kutwa, halafu Itigi wanashangaa moto umekuwa wa njano na mdogo. Cha pili, gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inalala sakafuni, haipandi dirishani. Kwa hiyo king'ora cha gesi kinafungwa sentimita 20 hadi 30 kutoka sakafuni, na chumba cha mitungi kinakuwa na matundu ya chini yanayotoka nje, hakina uwazi wowote kuelekea jikoni. Mpira wa kawaida wa dukani haufai: mtikisiko unalegeza klipu na kuukwangua unapogusa bati. Piga bomba la shaba hadi karibu na jiko, malizia na kipande kifupi cha mpira wenye waya wa chuma, na kagua maungio kwa povu la sabuni kila treni inaporudi karakana. Kagua kwa povu, si kwa kiberiti. Nasema hivyo kwa sababu wapo.

Juu ya jiko weka fito za kushikilia sufuria, zenye kimo cha sentimita 5 angalau. Sufuria ijazwe theluthi mbili, basi. Ukijaza zaidi, kona za Kilosa kwenda Gulwe zinamwagia mtu mafuta miguuni. Na mafuta mengi ya kukaangia treni ikitembea siyakubali kabisa. Chipsi zako 30 zipike kwenye kikaangio cha umeme chenye mfuniko wa kufunga, au zifute.

Umeme: friji za behewa hazifi kwa uzee. Jenereta ikizimwa na kuwashwa, au kichwa cha treni kikibadilishwa, umeme unarudi ukiwa unayumba, na kompresa inajaribu kuwaka ikiwa bado na mgandamizo. Inavuta mkondo mara tano hadi sita ya kawaida, mara mbili tatu hivi koili imeungua. Wekea friji gadi, kile kifaa cha kulinda umeme, yenye kuchelewesha kuwaka dakika 3 hadi 5, na friji na jagi la kuchemshia visiwe laini moja. Mlango wa friji uwe na kitasa cha kufunga, sumaku peke yake haishiki treni ikibinuka kwenye kona.

Chai: pipa la umeme la lita 20 lenye hita ya kilowati 3 linachukua kama dakika 33 kutoka maji ya nyuzi 25 hadi 96. Ukitaka chai ya watu 200 saa 12 asubuhi, vikombe vya mililita 200, ni lita 40, mapipa mawili. Yawashwe saa 11 kasoro robo alfajiri, la kwanza likimaliza ndipo la pili, ili usiibebeshe jenereta yote kwa mpigo.

AfyaJamii_Dom

Hapo kwenye wali ndipo niliposimama.

Wali ndicho chakula ambacho watu wanakidharau na ndicho chenye hatari. Kuna bakteria mmoja, Bacillus cereus, ambaye mbegu zake zinastahimili kuchemka. Wali ukiachwa vuguvugu zinaamka, zinazaliana, zinatoa sumu. Ile sumu ya kutapisha haifi ukipasha tena, hata uutokose. Kwa hiyo ule utaratibu wa kupika wali mwingi saa 8 mchana, kuufunika na kitambaa, halafu kuupasha saa 2 usiku, ni mbaya hata kama ukifika mezani unatoa moshi. Mchuzi wa nyama kwenye sufuria kubwa una ndugu yake, Clostridium perfringens, naye anapenda sufuria nene inayopoa polepole katikati.

Sheria za jikoni ni chache. Chakula cha moto kisishuke nyuzi 60. Cha baridi kisipande nyuzi 5. Katikati ya hapo ni eneo la hatari, na saa zinahesabiwa kwa kujumlisha: chini ya saa mbili kinaweza kurudi kwenye moto au friji, kati ya mbili na nne kiliwe palepale, zikipita nne kinatupwa. Ukilazimika kupoza, mwaga kwenye trei kwa kina kisichozidi sentimita 5, kishuke hadi nyuzi 21 ndani ya saa mbili, na hadi 5 ndani ya nne zinazofuata. Kupasha ni hadi nyuzi 75 katikati ya chakula, pembeni kunadanganya.

Kontena la kutunza joto haliongezi joto. Hili halieleweki kabisa. Wali ukiingia na nyuzi 65 utatoka chini ya 60 kabla treni haijafika Morogoro. Unatakiwa uingie ukiwa 85 au zaidi, trei zimejaa (trei nusu inapoa haraka), na kontena lenyewe limewekwa maji yanayochemka dakika 20 kisha yakamwagwa. Likifanyiwa hivyo na lisifunguliwe ovyo, hupoteza kama nyuzi 2 hadi 3 kwa saa, unapata saa sita salama. Kila ukifungua mlango unalipa. Kwa hiyo fungueni kontena moja, limalizeni, ndipo mfungue la pili.

Kipimajoto cha kuchoma ni kitu kidogo tu. Kichovye kwenye spiriti, choma katikati ya trei, andika kwenye daftari: saa, trei, nyuzi. Daftari hilo ndilo linalomlinda mpishi siku abiria akilalamika tumbo.

Nyongeza mbili. Nazi isiingie kwenye chakula cha kusafirishwa: wali wa nazi na maharage ya nazi yanachacha mapema mno. Na kachumbari iliyooshwa kwa maji ya tanki la behewa bila kujua klorini yake ni kiasi gani, heri usiiweke kabisa, toa kipande cha limao na pilipili.

mwana_wa_Tabora

Nondo. Ila swali kwa mtaalamu wa afya: wali ukikaa saa nne kwenye kontena utaliwa na nani? Unakuwa kokoto juu na uji chini.

Sahani_Moto

Mkuu, ongeza maji nusu kikombe kwa kila kilo ya mchele, mafuta kijiko kimoja, na upakie mara tu ukikauka, usisubiri uive kwa mkaa juu. Weka karatasi ya kuokea juu ya wali kabla ya mfuniko, ile inazuia matone ya mvuke kurudi chini. Mchuzi trei yake, wali trei yake. Ukivichanganya mapema ndipo unapata huo uji.

Ndiyo maana nimeyapa makande nafasi. Makande hayaharibiki sura kwa kukaa, yanabeba joto vizuri kuliko wali kwa kuwa yana mchuzi mzito, na yakipungua nyuzi unayarudisha jikoni yachemke. Ndizi nyama vilevile. Ugali usipakiwe, unaota ngozi. Anayetaka ugali asongewe ndani, kilo ya unga kwa lita 2 na robo za maji, sahani sita au saba.

Saranda_Junction

Samahani wakubwa, mmepanga kila kitu na mmewasahau watu wanaolisha treni hii kweli. Kuku wa Saranda, karanga na zabibu za Dodoma, asali ya Tabora, dagaa wa Kigoma. Abiria wa daraja la tatu hali kwenye behewa la chakula, anakula dirishani. Mkipakia makontena Dodoma na Tabora mnataka kumwondoa mama lishe?

Sahani_Moto

Hapana dada, nataka aingie kwenye mfumo. Dirishani kuna matatizo matatu ambayo yanamuumiza yeye mwenyewe: hajui treni inafika saa ngapi, hajui anauza ngapi, na chenji. Akipika kuku ishirini na treni ikachelewa saa sita, hasara ni yake.

Saranda_Junction

Basi fanyeni hivi, na si vigumu. Kikundi cha kinamama wa kituo kisajiliwe, kiwe na namba moja ya simu na namba moja ya malipo. Mhudumu wa kila behewa apite na karatasi ya oda saa mbili kabla ya kituo: kuku robo, kuku nusu, ndizi, maji. Kuku wa kilo 1.2 akatwe vipande vinane, robo ni vipande viwili, ili kipimo kisigombaniwe. Fedha zilipwe kwa simu kabla, nusu kama amana. Oda zipigwe simu na mkuu wa treni akiwa mahali penye mtandao, asisubiri mpaka wamefika porini. Bei ziwe za namba nzima, 2,000, 3,000, 5,000. Ukiweka 2,300 umetengeneza ugomvi wa chenji dirishani treni ikianza kuondoka.

Vifungashio navyo: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo ni karatasi ya kaki na vyombo vya foili. Nyama ifungwe kwa jozi na limao, pilipili kwenye karatasi yake. Mifupa je? Kila behewa liwe na pipa lenye mfuniko, la sivyo yote inatupwa dirishani na mnawalaumu abiria.

Ila afya akubali kwamba kuku aliyetoka kwenye moto sasa hivi na akaliwa ndani ya nusu saa ni salama kuliko wali wenu wa kontena.

AfyaJamii_Dom

Nakubali, dada, tena bila kinyongo. Kinachonitia wasiwasi ni yule kuku aliyechomwa kwa ajili ya treni ya jana. Kama oda zinalipwa mapema, sababu ya kumtunza haipo. Maji ya kunawa yawekwe pale wanapouzia, ndoo yenye koki na sabuni, na anayepokea fedha asiwe anayeshika nyama.

PNR_na_Chapati

Hiki mnachokibuni kipo India miaka mingi. Tiketi yao ina namba ya PNR, yaani namba ya utambulisho wa safari, abiria anaiingiza kwenye simu, anaona treni yake inasimama wapi na jiko gani la kituo linahudumia, anaagiza, chakula kinaletwa hadi kitini. Behewa la jikoni lipo pia kwenye treni nyingi, hivyo si lazima uchague kimoja.

Kinachoifanya ifanye kazi si programu ya simu. Ni kwamba jiko la kituo linaona treni imechelewa kiasi gani na linaanza kupika kwa saa ya kufika, si kwa saa ya ratiba. Kwetu hata bila programu inawezekana: mkuu wa kituo cha nyuma anajua treni imepita saa ngapi. Ampigie mpishi wa kituo cha mbele. Simu moja. Makontena yanapakiwa wakati treni imebakiza saa moja, si asubuhi kwa mujibu wa karatasi.

Fundi_Mabehewa

Kuhusu kupakia: alama ichorwe kwenye jukwaa mahali mlango wa behewa la chakula unaposimama. Mpangilio wa mabehewa ukibadilika, mlango unaangukia nje ya jukwaa, na kunyanyua kilo 40 kutoka kwenye kokoto ni kuomba mgongo uvunjike. Mkuu wa treni ataje nafasi ya behewa kwenye ile simu ya saa moja kabla. Makontena matano kuingia na matano tupu kutoka, watu wanne, ni dakika nane hadi kumi.

Na msinunue vitoroli vya ndege. Ni vyembamba, sentimita 30, vinapita kwenye ujia, sawa, lakini kwenye bamba la maungio kati ya behewa na behewa kuna kizingiti na bamba linacheza. Kitoroli kinakwama hapo kikiwa na chai. Tumia kreti ya sahani kumi zilizofunikwa, kilo 6 na nusu hadi 7, mtu mmoja anabeba na mkono mmoja unabaki huru kushika fito. Chai kwenye chupa za kubonyeza za lita 3, kikombe kijazwe theluthi mbili.

Koki_ya_Tanki

Hakuna aliyegusa maji. Ukiosha sahani za bati ndani ya behewa, panga lita 6 kwa kila mlo ukijumlisha kupikia, kunawa na kusuuza. Milo 240 ni lita 1,440, na mara nyingi tanki halina hizo. Ukitumia vyombo vya foili unashuka hadi lita 2. Hiyo ndiyo sababu halisi ya sahani kuoshwa kwenye beseni moja la maji ya kijivu kuanzia saa 2 usiku. Si uvivu, tanki limeisha.

Tanki lenyewe lisafishwe hivi: mwaga yote, sugua, jaza, kisha weka klorini miligramu 50 kwa lita. Kwa tanki la lita 1,000 na jiki ya asilimia 3.5, ni karibu lita 1 na nusu. Fungua kila koki mpaka harufu ya jiki itoke, funga, acha saa 4 angalau, usiku kucha ni bora. Mwaga, suuza, jaza maji ya kunywa. Baada ya hapo klorini iliyobaki kwenye koki ya jikoni iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita, vipimo vya rangi vipo na ni rahisi. Mpira wa kujazia maji kituoni ndio mchafu kuliko tanki: unalala chini kwenye matope, halafu unachomekwa. Uwe na kifuniko na utundikwe.

mwana_wa_Tabora

Na mvua zikikata reli? Kidete, Gulwe, Mto Mkondoa ukifurika treni inalala porini. Hapo makontena yote mmeshamaliza.

Sahani_Moto

Hapo ndipo uji unapotuokoa, na ndiyo sababu sikubali jiko la ndani liondolewe. Akiba ya dharura isiyoguswa, kwa abiria 600, kikombe cha mililita 300 kila mmoja: lita 180 za uji, unga kilo 18, sukari kilo 9. Gesi mtungi mmoja kamili ambao hauhesabiwi kwenye upishi wa kawaida. Maji ya chupa lita moja kwa kila mtu, katoni 50 za chupa 12. Karanga za kukaanga na biskuti kwa watoto. Mayai ya kuchemsha yasiwe akiba, hayafiki mbali bila friji. Unga ubadilishwe kila miezi mitatu, wa zamani upelekwe kwenye uji wa asubuhi wa kawaida.

Sufuria mbili za lita 30, mikupuo mitatu. Theluthi mbili haitoshi kwa lita 30, kwa hiyo ziwe za lita 45 zijazwe lita 30. Treni imesimama, lakini Fundi asije akanishika.

Fundi_Mabehewa

Umepona.

Bi_Zuwena

Ramadhani msiisahau. Msafiri ana ruhusa ya kutofunga lakini wengi wanafunga. Futari ipakiwe kwenye kifurushi kimoja: tende tatu, maji, uji wa pilipili manga kwenye kikombe chenye mfuniko, chapati na maharage. Vigawiwe dakika 20 kabla ya magharibi, mtu akae nacho mkononi, kwa sababu ukisubiri jua lizame ndipo uanze kupita mabehewa 12, wa mwisho anafuturu isha. Na magharibi ya Kigoma inachelewa kuliko ya Dar kwa zaidi ya dakika 35, saa ni moja lakini jua si moja. Mhudumu awe na nyakati za vituo vya njiani. Daku igawiwe saa 10 alfajiri kwa walioagiza tu, msiamshe behewa zima.

Nyama ya halali iwe utaratibu wa kila siku, na kitimoto isipakiwe kwenye makontena hayo hata kama imefungwa.

Reli_ya_Ziwa

Nyote mnazungumzia Kigoma. Treni ikigawanyika Tabora na behewa la chakula ni moja, sisi wa Mwanza tunabaki na nini?

Sahani_Moto

Mkuu, upande usio na jiko unatakiwa upangwe kama hauna moto kabisa. Tabora–Mwanza ni karibu kilomita 380, usiku mzima. Tuseme abiria 200 wanaelekea huko na 80 wameagiza: wali 50, makande 30. Wali kilo 17 na nusu ni trei tatu, mchuzi lita 9 trei moja, makande kilo 13 na nusu trei mbili. Makontena mawili. Yakae kwenye kichumba cha mhudumu wa behewa la katikati, yafungwe kwa mkanda ukutani. Chakula kigawiwe chote ndani ya saa moja na nusu baada ya kuondoka Tabora, bila kutegemea kupasha. Chai chupa kumi za kubonyeza, zijazwe Tabora, hizo zinakufikisha saa nne hivi za usiku zikiwa za moto kweli.

Kifungua kinywa kitoke Shinyanga, kwa utaratibu wa oda alioutaja Saranda_Junction: chapati, mayai, chai, kwa kikundi cha kituo. Makontena matupu yashuke Mwanza, yaoshwe, yarudi na treni inayofuata. Namba ziandikwe ubavuni kwa rangi, M1 na M2, la sivyo ndani ya mwezi mmoja yatakuwa yanahifadhi nguo za watu.

Reli_ya_Ziwa

Andika pia kwenye mfuniko. Ubavu unabadilishwa na rangi ya kopo moja tu.